Kununua nyumba chakavu Dodoma ili uipangishe: hesabu inasemaje

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja, sauti imejaa furaha. "Shikamoo mjomba. Nimepata nyumba Chang'ombe. Vyumba sita, mzee anataka milioni 45. Naikarabati kwa milioni 15, napangisha. Unasemaje?" Ni mtumishi wa umma, alihamia Dodoma na wizara yake mwaka 2017, na tangu hapo amekuwa akilipa kodi ya miezi sita sita kwa mwenye nyumba wa Nkuhungu. Akiba yake ni milioni 48. Zilizopungua alitaka kukopa benki kwa mshahara wake. Alitaka nimjibu ndiyo au hapana. Nikamwomba siku chache, maana swali lake wanaliuliza wengi hapa mjini, na wanaosema ndiyo na wanaosema hapana wote wana la kusikilizwa.

Mtanzania wa kawaida hanunui nyumba, anajenga. Ananunua kiwanja, anachimba msingi, anasimamisha boma, analiacha linyeshewe mwaka mmoja au miwili huku akikusanya fedha za kupaua, kisha anahamia madirisha yakiwa bado yamezibwa kwa mabati. Kuanzia Nala kwenye barabara ya Singida hadi Ihumwa kwenye barabara ya Morogoro, maboma ya namna hiyo yamejaa. Nyumba iliyokwisha kukaliwa miaka 30 au 40 tunaiona kama mzigo wa mtu mwingine. Mazoea hayo yana sababu. Kujenga kunakuruhusu kulipa kidogo kidogo, na unajua kilichofichwa na plasta kwa kuwa saruji uliinunua mwenyewe. Anayenunua chakavu anatoa fedha nyingi siku moja, kwa kitu ambacho nusu ya siri zake hazionekani kwa macho.

Hata hivyo mpwa wangu hakukurupuka. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 mji huu uliishi ukiusubiri utimie. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007 watu waliongezeka, lakini mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Rais Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba serikali yote inahamia. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa ya Dodoma. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Ni ongezeko la watu zaidi ya 354,000 ndani ya miaka 10, na kila mmoja wao analala mahali fulani. Mtumishi aliyehamishwa, mwanafunzi aliyekosa nafasi bweni, fundi aliyefuata ujenzi wa Mji wa Serikali kule Mtumba, mama anayeuza chakula kwa fundi huyo: wote hao ni wapangaji kabla ya kuwa kitu kingine.

Nyumba anayoitaka iko pale ambapo viwanja vimekwisha zamani. Majengo, Chamwino, Makole, Kikuyu, Chang'ombe, hii ni mitaa ambayo mtu anaweza kutembea kwa miguu au kwa bajaji fupi hadi sokoni, hospitali ya mkoa na maofisi ya katikati. Umeme upo, barabara ipo, bomba lipo hata kama maji yana siku zake. Ukijenga pembezoni unaanza kulipia nguzo, unavuta bomba kutoka mbali, na mpangaji wako wa kwanza anakuuliza kama bodaboda hufika usiku. Nyumba ya mjini ukiikarabati kwa miezi mitatu, mwezi wa nne unaweza kuwa na mpangaji. Boma linaweza kukaa miaka mitano bila kukurudishia hata shilingi.

Halafu kuna umbo lenyewe la nyumba hizi. Nyingi ni nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani. Kwa familia moja ya leo umbo hilo limepitwa na wakati, lakini kwa mpangishaji ni karibu kama limechorwa kwa ajili yake. Unganisha vyumba viwili kwa mlango, ongeza choo na bafu nyuma, unapata chumba na sebule inayojitegemea. Nyumba moja inatoa tatu.

Hapo ndipo reli ya kisasa (SGR) inapoingia kwenye hesabu, na naona watu wengi hawaitazami kwa jicho hili. Tangu treni ianze kufika Dodoma katikati ya mwaka 2024, safari ya Dar es Salaam kwa ile ya haraka ni kama saa tatu na nusu. Wapo watumishi ambao sasa wanaiacha familia Dar, watoto wanaendelea na shule zao, na baba au mama anarudi Ijumaa jioni. Mtu huyo hahitaji nyumba ya vyumba vitatu kwenye mtaa wa Kisasa au Ilazo. Anahitaji mahali padogo, safi, penye usalama, karibu na usafiri. Kwa maoni yangu reli itazipunguzia nguvu nyumba kubwa za kupangisha na kuziongezea hizi ndogo za ndani ya mji.

Mpaka hapa ningempa mpwa wangu baraka zote. Kisha nikachukua kalamu.

Tuseme kila kitu kimekwenda alivyopanga: milioni 45 za kununua, milioni 15 za ukarabati, jumla milioni 60, hata bila wakili na ushuru. Tuseme amepata sehemu tatu na kila moja anaipangisha kwa Sh 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh 5,400,000, yaani 9% ya fedha aliyoweka. Toa mwezi mmoja kwa kila sehemu ikiwa tupu, kwa kuwa wapangaji huhama na dalali huchukua muda: zinabaki 4,950,000. Toa kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, 10%: zinabaki 4,455,000. Toa bomba lililopasuka, kitasa, rangi, kunyonya shimo la choo na mengine ambayo hayakosekani, tuyape Sh 450,000 kwa mwaka. Amebaki na milioni 4 hivi. Hiyo ni chini kidogo ya 7%, na mwaka wenyewe ni mwaka mzuri.

Sasa mkopo. Tuseme milioni 3 zinazobaki kwenye akiba zinakwenda kwa wakili na ushuru. Akikopa hizo milioni 15 za ukarabati kwa riba ya 16% alipe kwa miaka mitano, marejesho ni kama Sh 365,000 kila mwezi. Pango lake halisi, baada ya makato niliyotaja, ni kama Sh 333,000 kwa mwezi. Maana yake kwa miaka mitano nyumba nzima inaifanyia kazi benki, na yeye anaongeza kutoka mfukoni. Kama angenunua yote kwa mkopo wa nyumba hali ingekuwa mbaya zaidi, maana riba za mikopo hiyo nchini kwetu zimekuwa zikicheza kati ya 15% na 19%. Kwenye milioni 60, riba ya 17% ni zaidi ya milioni 10 kwa mwaka wa kwanza pekee, karibu mara mbili ya kodi yote ya pango kabla hujatoa kitu. Yale masimulizi ya nchi za nje ya mtu kununua nyumba kwa mkopo na kumwachia mpangaji aulipe yanatoka mahali ambapo riba ni ndogo na mkopo ni wa miaka 30. Hapa kwetu mpangaji wa chumba na sebule hawezi kuubeba mkopo huo, na hakuna atakayekubali kulipa pango la kuubeba.

Anayepinga mpango huu ana silaha nyingine kali: hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali fedha yako ikulipe riba. Za miaka 20 na 25 zimewahi kulipa zaidi ya 15% kwa mwaka, riba inaingia kila baada ya miezi sita, na riba ya hatifungani za muda mrefu haikatwi kodi ya zuio. Mtu anaanza na Sh milioni moja. Milioni 60 kwa 15% ni milioni 9 kwa mwaka, bila mpangaji kukupigia simu saa nne usiku kwamba choo kimeziba. Ukiweka milioni 4 za nyumba pembeni ya milioni 9 za hatifungani, swali linaonekana kama limekwisha jibiwa.

Halijajibiwa bado. Milioni 60 ya hatifungani inabaki milioni 60 hadi siku ya mwisho. Hata mfumuko wa bei ukiwa mdogo, 3% kwa mwaka kama tulivyouzoea miaka ya karibuni, baada ya miaka 25 fedha hiyo itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa chini ya milioni 29. Aliyekuwa akila riba yake yote atarudishiwa mtaji ambao umepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Nyumba nayo ina tabia tofauti. Pango linapanda kadiri vitu vinavyopanda, na kiwanja katika mji unaokua hakibaki pale kilipokuwa. Waliokuwa na viwanja Dodoma kabla ya 2016 wanajua ninachosema. Kwa hiyo anayenunua nyumba ya kupangisha hapa aelewe kwamba faida yake kubwa haiko kwenye kodi ya kila mwezi. Anaweka matumaini kwenye ardhi, na pango linamsaidia kusubiri. Asiyeweza kusubiri miaka 10 au 15, au ambaye mtoto anaanza chuo mwaka kesho na ada inatoka hapohapo, afadhali fedha yake ikae pale anapoweza kuitoa.

Hata hayo matumaini ya ardhi yana upande wa pili. Mji unahama kuelekea mashariki. Mji wa Serikali uko Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati. Stendi kuu ya mabasi iko Nzuguni, soko la Ndugai liko hukohuko. Shirika la Nyumba limejenga Iyumbu, Watumishi Housing wamejenga, Wakala wa Majengo wa serikali (TBA) anajenga Nzuguni kwa ajili ya watumishi, na kila mwenye boma akilimaliza anaongeza vyumba sokoni. Kama watumishi wa Mtumba wote wataamua kulala Ihumwa na Nzuguni, mitaa ya zamani itabaki na nani? Jibu langu ni kwamba itabaki na wafanyabiashara, wanafunzi wa vyuo vya katikati, wauguzi, na hao wa kurudi Dar Ijumaa. Lakini silisemi kwa uhakika wa mtu aliyeona kesho, na mnunuzi asilipe bei inayodhani kwamba kila kitu kitabaki katikati.

Tuje kwenye nyumba yenyewe. Wenyeji wanasimulia kwamba jina Dodoma limetokana na neno la Kigogo idodomya, mahali palipodidimia, kwa sababu ya tembo aliyezama kwenye tope akinywa maji. Kila ninapokagua nyumba ya zamani hapa namkumbuka tembo yule. Sehemu za mji huu zina udongo wa mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mvua yetu ni chache, inakuja kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa kishindo, kisha miezi saba ya jua kali. Msingi usio na kina unapanda na kushuka kila mwaka, na ukuta unapasuka. Ongeza kwamba tuko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na ardhi hutikisika mara moja moja.

Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikutie hofu. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari hadi chini, unaoingiza ncha ya kidole, unaoonekana ndani na nje, huo unazungumzia msingi, na msingi haukarabatiwi kwa rangi. Muulize fundi kama kuna alama za kiraka cha zamani: ukiona ufa ulizibwa ukafunguka tena palepale, nyumba bado inatembea. Wauzaji wengi hupaka rangi mpya mwezi wa kuuza. Nyumba chakavu yenye rangi inayonuka bado, mimi huiangalia mara mbili.

Panda darini. Mchwa wa Dodoma ni adui mvumilivu. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, inaweza kuonekana nzima kwa nje na ukiichoma kwa bisibisi ikaingia kama mkate. Kupaua upya nyumba ya vyumba sita, mbao zenye dawa na bati jipya, kunaweza kumeza peke yake zile milioni 15 za mpwa wangu. Nyumba nyingine za zamani zimeezekwa kwa asibestosi. Hayo usimwachie kijana ayavunje kwa nyundo, vumbi lake huharibu mapafu na madhara hujitokeza miaka mingi baadaye.

Chini ya ardhi nako kukaguliwe. Mfumo wa majitaka wa mji unafika baadhi tu ya mitaa, kwa hiyo uliza kama nyumba imeunganishwa au inategemea shimo. Shimo lililochimbwa kwa choo kimoja cha uani halitabeba vyoo vitatu vya ndani. Fungua chemba, mwaga ndoo mbili za maji, tazama yanakwenda wapi na kwa kasi gani. Kiwanja kidogo kisicho na nafasi ya shimo jipya kinaua mpango mzima wa sehemu tatu zinazojitegemea, hata kama nyumba ni nzuri kiasi gani. Watu wachache hulifikiria hili kabla ya kulipa.

Waya za umeme za miaka 30 zibadilishwe zote, na fundi awe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanategemea visima vya Makutupora na mgao umezoeleka, kwa hiyo tanki kubwa lililoinuliwa lina thamani kwa mpangaji kuliko dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Nimeona wenye nyumba wakimalizia fedha kwenye marumaru za sebuleni, wapangaji wakahama baada ya miezi sita kwa sababu ya ndoo.

Kuhusu makadirio ya fundi, sitasema mengi. Ongeza theluthi moja, na kama huna hiyo theluthi usianze. Mimi mwenyewe niliwahi kuanza ukarabati wa nyumba ya familia nikiwa na fedha za makadirio tu. Nilipobandua plasta ya jikoni, tofali zikatoka nayo. Kazi ilisimama miezi minane, na miezi minane hiyo hakuna aliyelipa pango.

Nyufa na mchwa vina gharama, lakini gharama yake inahesabika. Karatasi mbovu haina kikomo. Kwa miaka mingi Dodoma imetajwa miongoni mwa miji yenye migogoro mingi ya ardhi: kiwanja kimoja watu wawili, mwenyeji anayedai hakulipwa fidia, mpaka uliohama. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyosimamia ardhi ya mji tangu 1973, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri. Nyumba nyingi za zamani bado zina karatasi za enzi za CDA mikononi mwa wamiliki, nyingine za mtu aliyemuuzia mtu aliyemuuzia huyu. Karatasi ya namna hiyo inaweza kuwa halali kabisa, ila haijitoshelezi. Omba upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, uone jina lililopo, kama kuna mkopo au zuio, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaonyesha kwamba majirani wamejua. Haugeuzi jina kwenye daftari la serikali.

Nyumba za mitaa ya kati nyingi ni za urithi. Baba alijenga, amefariki, watoto wako Dar, Singida na Mwanza, na aliyebaki nyumbani ndiye anayeuza. Hapo hakuna mazungumzo ya bei kabla ya kuona barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani na ridhaa ya warithi. Kama muuzaji ana mke au mume na hiyo ndiyo nyumba ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Mwite huyo mwenzake, azungumze mwenyewe, asaini mbele ya wakili.

Kuna mtego mwingine ambao unaonekana kama msaada. Muuzaji anayetakiwa kulipa kodi ya ongezeko la mtaji, 10% ya faida yake, atakuomba mkataba uandikwe milioni 20 badala ya 45. Ukikubali, siku utakayouza wewe, faida yako itahesabiwa kuanzia milioni 20. Kodi aliyoikwepa yeye umeinunua wewe. Na mkigombana kortini, utadai milioni 45 kwa karatasi gani?

Wapangaji waliomo ndani nao ni sehemu ya ununuzi. Uliza kila mmoja amelipa hadi lini. Mwenye nyumba anayejua anauza anaweza kuchukua kodi ya miezi sita wiki moja kabla ya kusaini, na wewe ukakuta watu wenye haki ya kukaa nusu mwaka bila kukulipa. Kodi ya majengo nayo, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023, hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, maana yake anayenunua umeme ndiye anayeilipa. Ni fedha ndogo inayoleta maneno makubwa. Mpunguzie mpangaji kwenye pango bila kuombwa.

Ila kuhusu wapangaji hao nina jambo linalonisumbua zaidi ya kodi. Katika nyumba ile ya Chang'ombe, vyumba sita vina familia nne. Kuna dereva wa bodaboda, kuna mama anayekaanga mihogo shuleni, wanalipa kwa chumba kiasi ambacho mpwa wangu hawezi kurudisha hata riba. Ukarabati wake utawaondoa wote. Wataenda pembezoni, watalipa nauli zaidi, mama atapoteza wateja wake. Najua mji unaokua haukwepi hilo, na najua paa lile linavuja na choo kile ni hatari kwa watoto wake. Lakini mtu anayeingia kwenye biashara ya kupangisha aone sura hizo kabla ya kuona hesabu, awape notisi ya kutosha, awarudishie kodi waliyotanguliza, na kama anaweza aache vyumba viwili vya bei ndogo, vyenye paa zima na choo kizuri. Vyumba hivyo havikai tupu hata wiki moja, jambo ambalo chumba na sebule ya Sh 150,000 haina.

Sasa mimi niko wapi? Kwa anayeanza, mwenye fedha yake mwenyewe na uvumilivu, naiunga mkono nyumba chakavu ya ndani ya mji kuliko kiwanja cha mbali, kwa sharti kwamba hati imenyooka, msingi umetulia, na kiwanja kina nafasi ya mfumo wa maji machafu. Kikikosekana kimojawapo, aondoke hata kama bei imeshuka kwa nusu. Anunue kwa fedha taslimu na abaki na ya ukarabati mkononi. Kama hazitoshi zote mbili, anunue nyumba ndogo zaidi. Aanze na paa, kisha maji na choo, kisha umeme, milango yenye usalama, na rangi iwe ya mwisho. Kuta za ndani zisivunjwe bila kibali cha ujenzi cha halmashauri. Akipenda, akae mwenyewe katika sehemu moja: kodi aliyokuwa akimlipa mwenye nyumba wake inakuwa faida ya kwanza, tena isiyo na mwezi mtupu, na atajua nyumba inavuja wapi mvua za Januari zikinyesha.

Mkopo wa mshahara kwa ajili ya ukarabati naukataa kwa mwanzishaji, hesabu zimeshaonyeshwa. Wapo watakaosema bila kukopa mtu wa mshahara hafiki popote. Nimewasikia, na kwa biashara inayozungusha fedha kila wiki nakubaliana nao. Chumba cha kupangisha hakizungushi fedha kwa kasi hiyo.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya, tukaenda pamoja Chang'ombe. Mzee alitupokea vizuri, akatukaribisha chai. Nyufa zilikuwa za plasta tu, kenchi nzima isipokuwa upande mmoja, uani kuna nafasi ya shimo. Nilipoomba kuona karatasi, akaleta bahasha yenye jina la marehemu kaka yake. "Watoto wake wako wapi, mzee?" nikamuuliza. Akasema mmoja yuko Mwanza, wawili hawajui walipo. Mirathi haijawahi kufunguliwa.

Mpwa wangu alinyamaza njia nzima kurudi. Tulipofika Nkuhungu akaniuliza, "Mjomba, mirathi huchukua muda gani?" Nikamwambia inategemea warithi, na wawili hawajulikani walipo. Fedha yake bado iko benki. Jumamosi tunakwenda Makole kutazama nyingine, ndogo, vyumba vinne, na safari hii ametangulia mwenyewe kuomba upekuzi.